Namna ya Kuchuja Shuhuda za Kupunguza Uzito Kabla Hujatoa Pesa

Ushuhuda wa kupunguza uzito unaweza kuwa wa kweli mtupu na bado usikuambie lolote kuhusu kitakachokupata wewe. Wengi hupoteza muda wakijiuliza kama mtu aliye pichani anadanganya, ilhali maswali yenye faida ni mengine. Walianza wangapi pamoja naye? Leo wana uzito gani? Na walikuwa wakifanya nini kingine ambacho hakikutajwa?

Kwa hatua za mwanzo utahitaji kalamu, karatasi na kikokotoo cha simu tu. Mizani na futi ya fundi cherehani vitahitajika baadaye, ukifika kwenye kujipima mwenyewe.

Hatua ya 1: Liandike dai upya kwa tarakimu

"Nimepungua sana, nguo zote zinanipwaya" ni maneno yasiyopimika. Andika mistari sita: uzito wa mwanzo, uzito wa mwisho, idadi ya siku, kilichotumiwa, mengine yaliyofanyika sambamba, na uzito wa leo. Jaza kwa kilichosemwa waziwazi na usijaze kwa kukisia. Mistari itakayobaki mitupu ndiyo maswali utakayomuuliza muuzaji. Mara nyingi hubaki mtupu mstari wa kwanza na miwili ya mwisho.

Uzito wa mwanzo ndio unaozipa kilo maana. Kilo 8 kwa mtu aliyeanza na kilo 160 ni asilimia 5 ya mwili wake. Kwa mtu wa kilo 64 ni asilimia 12.5. Tangazo linalotaja kilo peke yake limekuficha nusu ya habari, hata kama kila neno lililomo ni la kweli.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya nishati

Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700. Watu wazima wengi hutumia kati ya kalori 2,000 na 3,000 kwa siku, kutegemea ukubwa wa mwili na kazi wanazofanya. Kwa namba hizo mbili unaweza kukata mzizi wa madai mengi.

Zidisha kilo zilizotajwa kwa 7,700, kisha gawanya kwa idadi ya siku. "Kilo 10 kwa siku 10" inatoa upungufu wa kalori 7,700 kila siku. Mtu anayetumia 2,500 kwa siku, hata asipotia kitu mdomoni kwa siku zote kumi, angechoma mafuta yasiyozidi kilo 3 na kitu. Kilichobaki, kama mizani ilisoma kweli, ni maji, kinyesi, na sehemu fulani ya misuli.

Jibu likivuka kalori 1,000 kwa siku, anza kuuliza maswali makali. Likivuka kiasi ambacho mwili mzima hutumia kwa siku, hayo si mafuta, na huna haja ya kubishana na mtu.

Hesabu hii ina mpaka wake. Inafaa kuonyesha kisichowezekana, ila haitabiri kitakachotokea mwaka mzima. Kanuni hii ilienezwa na daktari Max Wishnofsky wa Marekani mwaka 1958, na watu wameitumia vibaya tangu hapo. Kwa kuifuata kibubusa, ukipunguza kalori 500 kila siku kwa mwaka utapungua karibu kilo 24. Haiwi hivyo. Mwili unaopungua hutumia nishati kidogo zaidi, njaa huongezeka, na kasi hufifia mwezi baada ya mwezi. Muuzaji anayechukua kilo za wiki ya kwanza na kuzizidisha kwa wiki 52 anakupigia hesabu isiyokuwepo.

Hatua ya 3: Tenganisha maji na mafuta

Hapa ndipo zinapozaliwa shuhuda nyingi za "siku saba". Ini na misuli huhifadhi wanga kwa umbo la glaikojeni, jumla yake ikiwa karibu gramu 500 kwa mtu mzima aliyekula vizuri, na kila gramu hukaa na takriban gramu 3 za maji. Mtu akiacha wanga ghafla, akiba hiyo hupungua ndani ya siku chache na maji yake hutoka kwenye mkojo. Kilo 1.5 hadi 2 zimekwenda, na huenda mafuta hayajaguswa. Siku akirudia mlo wake wa kawaida, kilo zilezile hurudi kwa kasi ileile, naye hulaumiwa kwamba "ameharibu programu".

Chumvi nayo ina kazi yake. Kila gramu 9 za ziada zilizobaki mwilini hushikilia takriban lita moja ya maji hadi figo zizitoe. Mwanamke anaweza kuongezeka kilo moja au mbili siku chache kabla ya hedhi. Kwa hiyo mtu anaweza kujipima jioni akiwa amekula chakula chenye chumvi nyingi, akajipima tena siku tano baadaye asubuhi akiwa na tumbo tupu, na akapata ushuhuda mzuri bila kubadilisha chochote cha maana.

Dawa za kuendesha na za kukojoza hufanya kazi kwa njia hiyohiyo, nyingi zikiuzwa kwa jina la kusafisha mwili. Zinachotoa ni maji na madini, hasa potasiamu, na potasiamu ikishuka sana moyo huweza kupoteza mpangilio wa mapigo. Kufikia wakati dawa za kuendesha zinafanya kazi, sehemu kubwa ya nishati ya chakula imeshanyonywa kwenye utumbo mwembamba.

Kanuni rahisi: ushuhuda wowote wa chini ya wiki nne usiuhesabu kabisa.

Hatua ya 4: Kagua picha, lakini usikae hapo sana

Taa inayotoka juu au pembeni huchonga vivuli vya misuli. Taa inayomulika mbele moja kwa moja huvifuta. Suruali iliyoshushwa chini ya kitovu huachia tumbo, iliyopandishwa hulibana. Kamera iliyo karibu hukuza kilicho mbele yake. Tazama mistari iliyopaswa kunyooka, kama fremu ya mlango au vigae vya ukutani: ikipinda karibu na kiuno, picha imechezewa. Kisha piga picha ya skrini, ikate abaki mtu peke yake, uipandishe kwenye huduma ya kutafuta kwa picha. Si ajabu kukuta mwili uleule ukitangaza bidhaa tatu tofauti.

Picha ikipita majaribio haya yote bado haijathibitisha kitu. Imethibitisha tu kwamba yuko mtu mmoja aliyepungua.

Hatua ya 5: Watafute walioachwa nje ya picha

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayorukwa.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wakiongozwa na Christopher Gardner walitoa matokeo ya utafiti uliofuatilia watu wazima 609 kwa miezi 12. Kundi moja lilipunguza mafuta kwenye chakula, jingine likapunguza wanga. Kwa wastani, la kwanza lilipungua kilo 5.3 na la pili kilo 6.0, tofauti ndogo isiyo na maana kitakwimu. Lakini ndani ya kila kundi kulikuwa na mtawanyiko mkubwa: wapo waliopungua karibu kilo 30, na wapo walioongezeka karibu kilo 10, wote wakiwa wamefundishwa mlo uleule.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya muuzaji. Kutoka kundi lolote kati ya hayo mawili unaweza kuchomoa watu watano waliopungua kilo 20 na zaidi, ukawapiga picha, ukawarekodi wakilia kwa furaha. Hakuna aliyedanganya. Na mpinzani wako anayeuza mlo wa kinyume kabisa anaweza kufanya vivyo hivyo, naye akasema kweli. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kwenye biashara hii hata kisichofanya kazi hujiuza, mradi wateja wawe wengi kiasi cha kupatikana watano wa kupigwa picha. Walioongezeka hawatumi video kwa mtu, na wengi wao hudhani kosa lilikuwa lao.

Kwa hiyo mwandikie muuzaji ujumbe wa namna hii, kwa adabu:

"Habari. Naomba kujua mambo manne kabla sijajiunga. Katika miezi sita iliyopita walianza watu wangapi? Wangapi walifika mwisho? Walioanza wote, pamoja na walioacha, walipungua wastani wa kilo ngapi? Na baada ya mwaka mmoja wastani huo ni kiasi gani?"

Swali la tatu ndilo la kukazia. Ukipewa wastani wa waliomaliza tu, umepewa namba iliyochujwa, kwa sababu asiyeona matokeo ndiye huacha kwanza. Ukijibiwa "matokeo hutegemea mtu", sema sawa, kisha uliza ni kwa nini basi anatangaza matokeo ya mtu mmoja. Ukijibiwa kwa kutumiwa picha nyingine kumi, hilo nalo ni jibu.

Nchini Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho (FTC) ilibadilisha miongozo yake mwaka 2009: tangazo lenye ushuhuda wa mafanikio ya pekee haliwezi tena kujikinga kwa maandishi madogo yanayosema kwamba matokeo hayo si ya kawaida. Linapaswa kueleza wazi matokeo ambayo mtumiaji anaweza kuyatarajia kwa jumla. Kipimo hicho kinafaa popote ulipo, hata kama hakuna wa kukisimamia.

Hatua ya 6: Uliza lipi jingine lilifanyika, na nini kilifuata

Mtu anayeanza "chai ya kukata mafuta" aghalabu huanza pia kutembea, huacha soda na huwahi kulala. Chai ndiyo inayopewa sifa. Ongeza hapo sindano na upasuaji, ambavyo wengi hawapendi kuvitaja. Katika jaribio kubwa la semaglutidi (dawa ya sindano ya kupunguza uzito) ya miligramu 2.4 lililochapishwa mwaka 2021, waliodungwa dawa walipungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao kwa wiki 68, dhidi ya asilimia 2.4 kwa waliodungwa sindano isiyo na dawa, na pande zote mbili zilipewa ushauri wa chakula na mazoezi. Ukimwona mtu amepungua kiasi hicho kisha anauza kitabu cha mapishi, una haki ya kumuuliza kama alitumia dawa.

Kuna kitu kingine kisichoonekana: watu huanza programu wakiwa kwenye kilele cha uzito wao, baada ya msimu wa sherehe, kujifungua au kipindi cha msongo. Wengine wangeshuka kidogo hata bila kununua chochote. Ndiyo maana utafiti mzuri huwa na kundi la kulinganisha, na ushuhuda hauwezi kuwa nalo.

Halafu uliza uzito wa leo. Watafiti wakiongozwa na Kevin Hall waliwafuatilia washiriki 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito nchini Marekani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Kwenye wiki 30 za shindano walikuwa wamepungua wastani wa kilo 58. Miaka sita baadaye walikuwa wamerudisha wastani wa kilo 41, na miili yao ikipumzika ilitumia takriban kalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Nidhamu hawakukosa, maana walifanya mazoezi ambayo wachache wanayaweza. Ushuhuda wa siku ya fainali ulikuwa kweli siku ile tu.

Hatua ya 7: Ikiwa ni kidonge, unga au chai, tazama kama kuna dawa iliyofichwa

Hapa kuna hatari ya kinyume: bidhaa inafanya kazi, na inafanya kazi kwa sababu mbaya. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) imekuta mara nyingi sibutramini, dawa ya kukata hamu ya kula, ndani ya bidhaa zilizouzwa kama "za asili kabisa". Dawa hiyo iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Njaa ikitoweka kabisa ndani ya siku moja au mbili, mapigo ya moyo yakaenda mbio, mdomo ukakauka na usingizi ukapotea, acha mara moja na umpelekee daktari pakiti yenyewe. Chochote chenye dinitrofenoli, au DNP, usikiguse kamwe: hupandisha joto la mwili, haina kiuasumu, na imeua watu.

Hatua ya 8: Vua hamasa isiyo ya kipimo chako

"Kama mimi nimeweza, wewe unashindwa nini?" Sentensi hiyo huonekana kama ya kutia moyo, lakini ndani yake kuna dai la kisayansi: kwamba miili hujibu sawasawa. Claude Bouchard na wenzake walilipima dai hilo mwaka 1990. Jozi 12 za pacha wa kufanana, vijana wanaume, waliongezewa kalori 1,000 kwa siku kwa siku 84 ndani ya kipindi cha siku 100. Wastani wa kuongezeka ulikuwa kilo 8.1, lakini mmoja aliongezeka kilo 4.3 na mwingine 13.3 kwa ziada ileile ya chakula. Pacha walifanana wao kwa wao kuliko walivyofanana na wengine. Hakuna hotuba inayofuta tofauti hiyo.

Ongeza dawa. Insulini, prednisoloni, olanzapini, valproeti, mitazapini, na kwa baadhi ya wanawake sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, zote zinaweza kupandisha uzito. Tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango, au tatizo la homoni linaloambatana na ovari zenye vifuko vingi (PCOS), hubadilisha mwendo pia. Usiache dawa yoyote kwa sababu ya sentensi ya mhamasishaji. Muulize aliyekuandikia kama kuna mbadala.

Hamasa ya kuaibisha ni mbaya zaidi. Tafiti zimeonyesha tena na tena kwamba kudhalilishwa kwa ajili ya uzito huambatana na kula zaidi, kukwepa mazoezi ya hadharani na kuongezeka uzito. Anayekuita mvivu ili "uamke" anakuuzia kilicho kinyume na unachotafuta.

Badala ya hamasa ya jumla, tumia mipango ya "ikiwa, basi" ambayo mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameichunguza kwa miaka mingi. Andika tukio halisi la maisha yako, kisha kitendo kimoja: "Nikifika nyumbani baada ya saa mbili usiku, nitakula chakula nilichokwisha kupika, kabla sijakaa." "Nikimaliza kula mchana, nitatembea dakika 10 kabla ya kurudi kazini." Miwili au mitatu inatosha kuanzia. Ikifika mitano, hakuna utakaoshika. Mpango unaoanza na "nitajitahidi" hauna tukio wala kitendo; ufute uandike upya. Na mfanyakazi wa zamu ya usiku asikope ratiba ya mtu anayeamka alfajiri kukimbia.

Hatua ya 9: Jipime mwenyewe kwa wiki 12

Kwanza hakikisha unaruhusiwa. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye umri chini ya miaka 18, mwenye historia ya kujinyima au kutapisha chakula, na anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, asianze bila mtaalamu wa afya. Na ikiwa umepungua zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia, usishangilie. Nenda ukapimwe, kwa sababu kisukari, kifua kikuu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi na saratani huweza kuanza hivyo.

Wiki mbili za mwanzo usibadilishe kitu. Jipime kila asubuhi baada ya choo, kabla ya kula au kunywa, ukiwa na nguo zilezile, mizani ikiwa kwenye sakafu ngumu. Juu ya zulia husoma vibaya, na ikihamishwa iache irudi sifuri kwanza. Kila wiki kokotoa wastani wa siku saba, na ulinganishe wastani na wastani, kamwe siku na siku. Anayepata hedhi alinganishe wiki ileile ya mzunguko. Kama kujipima kila siku kunakuharibia siku nzima, tumia kiuno peke yake: futi ipite katikati ya ubavu wa chini kabisa na ncha ya juu ya nyonga, usome mwisho wa kupumua nje kwa kawaida. Mizani zinazodai kupima mafuta kwa umeme hubadilika kwa maji uliyokunywa, kwa hiyo usizitegemee.

Wiki ya 3 hadi ya 12 badilisha jambo moja kubwa, si matano. Andika na unachokula, ukijua kwamba kumbukumbu ni dhaifu: katika utafiti mmoja wa mwaka 1992, watu waliodai kwamba mlo hauwafanyii kazi walikuwa wakiripoti karibu nusu tu ya walichokula, bila nia ya kudanganya. Mafuta ya kupikia, vinywaji na kuonja wakati wa kupika ndivyo husahaulika.

Wastani ukikaa palepale kwa wiki moja, usifanye kitu. Ukikaa wiki tatu, kagua sahani kabla ya kulaumu mwili. Mwisho wa wiki ya 12 linganisha na asilimia 5 ya uzito wa mwanzo, kiwango ambacho wataalamu wengi huanza kuhesabu faida za kiafya. Kwa kilo 90 ni kilo 4.5. Katika utafiti wa kuzuia kisukari uliochapishwa Marekani mwaka 2002, lengo la kundi lililobadilisha chakula na mazoezi lilikuwa kupungua asilimia 7 tu na kufanya dakika 150 za mazoezi kwa wiki, na kundi hilo lilipunguza kutokea kwa kisukari kwa asilimia 58. Kwenye picha za kabla na baada, badiliko hilo lisingevutia mtu.

Ukiwa umepungua chini ya asilimia 2 na ulifuata mpango siku nyingi, njia hiyo si yako, hata kama imemfaa jirani. Kama hukuweza kuufuata, nalo ni tokeo: tafuta kilichokuzuia ubadilishe mpango.

Ukiombwa ushuhuda wako

Ukipungua, muuzaji atakutafuta. Kataa kabla ya mwaka kupita. Ukikubali, taja uzito wa mwanzo na wa siku hiyo pamoja na tarehe, taja dawa na kila ulichobadilisha, sema kama umelipwa au umepewa punguzo, na umpe muuzaji sharti la maandishi kwamba picha itaondolewa siku utakapoomba.